Krediti 26 si Jumla Tu: Namna ya Kusoma Masharti ya Kuhitimu Haiskuli Texas

Mwanafunzi wa Texas anaweza kufika Mei ya darasa la 12 akiwa na krediti 28 na bado akose diploma, huku jirani yake wa dawati mwenye 26 akivaa joho. Shule haiangalii jumla peke yake, inaangalia jumla ya kila kundi la masomo. Aliyetumwa dukani unga, mafuta na chumvi, akarudi na magunia matatu ya unga, amebeba mzigo mzito kweli, lakini chakula hakitapikika.

Mwongozo huu ni wa wazazi na vijana wa Abilene, Amarillo, Dallas, Fort Worth, Houston na kwingineko Texas waliosoma au kuanza shule Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya au Uganda, iwe mjini au katika kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Mfumo tuliouzoea kule una siku moja kubwa ya hukumu: Kidato cha Nne Tanzania, KCSE Kenya, Examen d'État Kongo. Mtoto akilegea miaka miwili ya mwanzo, bado anaweza kujifungia miezi sita ya mwisho na kutoka na cheti kizuri. Hapa haiwezekani. Kila semista inahukumiwa kivyake na hukumu hiyo hubaki kwenye kumbukumbu. Alama ya darasa la 9 ina uzito uleule wa alama ya darasa la 12, na vijana wengi wanaokwama mwishoni walijikwaa mwaka wa kwanza bila mtu wa nyumbani kujua.

Krediti ni nini hasa

Somo moja likisomwa mwaka mzima na kufaulu hutoa krediti 1. Likisomwa semista moja hutoa 0.5. Alama ya kufaulu Texas ni 70 kwa 100. Anayepata 69 hapati robo tatu ya krediti, hapati kitu.

Kuna afueni moja ambayo wengi hawaijui. Somo likiwa la mwaka mzima, wilaya za shule kwa kawaida huangalia wastani wa semista mbili. Mtoto aliyepata 62 semista ya kwanza na 78 ya pili ana wastani wa 70, hivyo hupewa krediti yote 1. Aliyepata 55 kisha 80 ana wastani wa 67.5: huyo atabaki na 0.5 ya semista ya pili, na ile ya kwanza atadaiwa. Kwa hiyo semista ya kwanza ikiharibika, kaa na mtoto mwezi wa kwanza mpige hesabu ya alama anayohitaji ili wastani ufike 70. Mara nyingi inawezekana, na ni rahisi kuliko kurudia somo wakati wa kiangazi.

Alama pekee hazitoshi. Sheria ya Texas inamtaka mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo limefundishwa. Semista ikiwa na siku 85, kukosa siku 9 kunatosha kuzuia krediti hata kama ana alama 95. Aliye kati ya asilimia 75 na 90 anaweza kupewa mpango wa kufidia saa hizo, baada ya shule au Jumamosi. Aliye chini ya hapo hupelekwa kwenye kamati ya mahudhurio, ambayo husikiliza sababu. Kosa linalorudiwa sana ni mzazi kumchukua mtoto akamkalimanie hospitalini au ofisi ya misaada, mara mbili kwa mwezi, asubuhi zilezile. Kinachoharibika hapo ni somo la saa ya kwanza. Hospitali na ofisi hizo zina wakalimani, waombe wao.

Hatua ya 1: Pata karatasi mbili

Ya kwanza ni transkripti, orodha ya masomo yote aliyosoma, alama na krediti zake. Ya pili ni mpango binafsi wa kuhitimu, ambao shule huuita PGP, na ambao mwanafunzi na mzazi hutakiwa kuusaini mtoto anapoingia darasa la 9. Zote hutoka kwa kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule. Transkripti isiyo rasmi huwa pia kwenye tovuti ambayo wazazi hutazamia alama, lakini toleo la kaunsela ndilo lenye maelezo kamili.

Omba miadi kwa barua pepe au kwa kwenda mwenyewe ofisini, na taja tangu mwanzo kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Usikubali mtoto mwenyewe awe mkalimani wa mkutano unaomhusu. Si kwamba atadanganya, ingawa hilo nalo hutokea. Ni kwamba maneno kama krediti ya ndani au kamati ya kuhitimu hajui ayaseme vipi kwa Kiswahili, na ataishia kusema "wanasema iko sawa".

Hatua ya 2: Gawa krediti kwenye makundi

Mpango wa msingi wa Texas, unaotumika kwa walioanza darasa la 9 kuanzia mwaka 2014, unadai krediti 22. Zimegawanyika hivi:

Kiingereza: 4. English I, English II, English III, na somo moja la juu la Kiingereza, ambalo kwa wengi ni English IV.
Hisabati: 3. Algebra I, Geometry, na somo moja la juu zaidi.
Sayansi: 3. Biology na masomo mengine mawili.
Elimu ya jamii: 3. U.S. History 1, U.S. Government 0.5, Economics 0.5, na World History au World Geography 1.
Lugha isiyo Kiingereza: 2, zote za lugha moja. Kozi za kuandika programu za kompyuta zinaweza kuchukua nafasi yake.
Mazoezi ya mwili: 1.
Sanaa: 1. Kuchora, muziki, kwaya, maigizo au dansi.
Masomo ya hiari: 5.

Juu ya hizo 22 kuna ngazi ambayo wanafunzi wote huanza nayo, ya kuchagua mwelekeo. Kwenye karatasi utaiona kwa neno Endorsement. Hapo hisabati inakuwa 4, sayansi 4, masomo ya hiari 7, na jumla inafika 26. Mielekeo ni mitano: sayansi na teknolojia, biashara na viwanda, huduma za umma, sanaa na lugha, na mchanganyiko. Huo wa mwisho huwafaa wengi waliochelewa kuingia, kwa sababu njia mojawapo ya kuukamilisha ni kuwa na krediti 4 katika kila moja ya Kiingereza, hisabati, sayansi na elimu ya jamii, mradi English IV imo, na Chemistry au Physics imo. Haidai mlolongo wa kozi za ufundi ambazo zilipaswa kuanza tangu darasa la 9.

Baada ya kumaliza darasa la 10, mwanafunzi anaweza kuacha mwelekeo na kurudi kwenye 22, kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Karatasi hiyo isainiwe kwa macho mawili. Wakati mwingine ndiyo uamuzi sahihi, hasa kwa kijana wa miaka 19 aliyeingia bila krediti hata moja. Lakini anayeacha mwelekeo anapoteza pia ile ngazi ya juu inayoitwa Distinguished Level of Achievement, ambayo inadai mwelekeo pamoja na Algebra II. Ngazi hiyo ni sharti la sheria ya asilimia 10, inayowapa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya Texas wanafunzi walio juu kabisa darasani mwao. University of Texas at Austin peke yake ndiyo inayochukua asilimia ndogo kuliko hiyo. Vyuo vya jamii havidai lolote kati ya haya. Kwa hiyo swali la kumuuliza kaunsela kabla ya kalamu kushuka ni moja: mtoto anaweza kumaliza 26 kabla hajafikisha umri wa mwisho wa kusoma, au hawezi?

Sasa chukua karatasi tupu, chora mistari minane ya makundi, na uingize kila somo la transkripti kwenye mstari wake. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyemaliza darasa la 10 na krediti 13:

English I na II: 2. Algebra I: 1. Biology: 0.5, maana semista ya pili alianguka. World Geography: 1. Mazoezi ya mwili: 2. Kuchora: 1. Masomo ya hiari, mengi yakiwa ya kuimarisha Kiingereza: 5.5.

Kumi na tatu ni nusu kamili ya 26, na hata kaunsela mwenye wanafunzi mia kadhaa akitupia jicho ataona mambo yako sawa. Angalia makundi sasa. Kiingereza bado 2, hisabati 3, sayansi 3.5, elimu ya jamii 2, lugha 2. Krediti ya pili ya mazoezi inahamia kwenye hiari, kwa hiyo hiari ana 6.5 na anadaiwa 0.5. Jumla ya deni ni 13. Shule ya vipindi 7 kwa siku inampa nafasi 14 kwa miaka miwili, yaani ana nafasi moja tu ya kuanguka. Tena hisabati tatu na sayansi tatu na nusu haziingii miaka miwili bila kusoma mbili kwa wakati mmoja: mwaka mmoja Geometry na Algebra II pamoja, na sayansi mbili kila mwaka au moja ya kiangazi. Hakuna kipindi cha kuwa msaidizi wa ofisi, hakuna kutoka shule saa sita mchana kwenda kazini. Hesabu hii ya dakika 20 mezani ndiyo inayoonyesha hatari mapema. Jumla ya 13 haionyeshi chochote.

Unapogawa, jihadhari na mitego mitatu. Kuna kozi zinazotoa krediti ya ndani ya wilaya tu, nyingi zikiwa za kusaidia hisabati au kusoma. Hizo hukaa kwenye transkripti lakini haziingii kwenye 22 wala 26. Muulize kaunsela ni zipi, uziwekee alama ya kuzifuta. Mtego wa pili ni somo lililorudiwa: mtoto akishapata krediti ya Algebra I, kuisoma tena hakumpi ya pili. Wa tatu ni masomo ya Kiingereza kwa wageni. English I na English II za wanaojifunza Kiingereza, zinazoandikwa ESOL, zinahesabika kama English I na II kamili. Hakuna ESOL inayosimama mahali pa English III au IV. Kozi za ziada za lugha, kusoma na mazungumzo huingia kwenye hiari. Kijana anaweza kuwa na masomo matatu ya Kiingereza kwa siku, na moja tu ndilo linalojaza kundi la Kiingereza.

Mazoezi ya mwili yana njia ya mkato halali: timu ya michezo ya shule, JROTC (mafunzo ya kijeshi ya shuleni), bendi ya gwaride au ushangiliaji vinaweza kuchukua nafasi ya krediti hiyo 1. Na aliyesoma Algebra I au lugha akiwa darasa la 8 hapa hapa Texas kwa kiwango cha haiskuli, krediti hiyo inatakiwa ionekane. Isipoonekana, idai.

Hatua ya 3: Leta krediti za nyumbani

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza miaka miwili bure. Mtoto alimaliza Kidato cha Pili Kigoma, au mwaka wa pili wa humanités (sekondari ya Kongo) katika shule ya mtaala wa Kongo kambini, akaandikishwa hapa kama mtoto asiye na kitu kwa sababu hakuna aliyeuliza karatasi. Kama karatasi zipo, zipeleke siku ya kuandikisha, na kama siku hiyo imepita, zipeleke leo. Wilaya inaweza kupitia kumbukumbu za nje na kutoa krediti.

Peleka kila kitu: bulletin (ripoti za shule za Kongo) za kila mwaka, ripoti za muhula, matokeo ya mtihani wa taifa, barua ya mwalimu mkuu. Karatasi za Kifaransa zinahitaji tafsiri. Uliza kwanza kama wilaya ina mtafsiri wake kabla ya kulipa wa nje. Ukitoa nakala, baki na asili.

Jambo la muhimu kuliko yote katika hatua hii ni kipimo cha alama. Bulletin ya Kongo yenye asilimia 58 ni ya mwanafunzi aliyefaulu, kwa sababu kule mpaka ni 50. Kidato cha Nne cha Tanzania, C inaanza 45 na D inaanza 30, na 75 tayari ni A. Karani wa Texas aliyezoea 70 akiona 58 ataona aliyeanguka. Usimwachie abahatishe. Ambatisha ukurasa unaoonyesha kipimo cha nchi ile, kutoka nyuma ya ripoti yenyewe au tovuti ya baraza la mitihani, na umwombe alinganishe kufaulu na kufaulu.

Masomo yanayovuka kwa urahisi ni hisabati, biolojia, kemia, fizikia, historia na jiografia kwa World History au World Geography, Kifaransa au Kiswahili kwa kundi la lugha, michezo na sanaa. U.S. History, U.S. Government na Economics atazisomea hapa. Krediti ya Algebra I au Biology iliyotoka nje ina faida mara mbili: somo lenye mtihani wa jimbo ambalo mwanafunzi alikwisha kupata krediti yake kabla ya kuingia shule ya umma ya Texas, na wilaya ikaikubali, halimdai tena mtihani huo. Ndiyo maana inafaa kupigania hata krediti moja.

Matatizo hutokea kwenye majina na tarehe. Bulletin ina jina moja, hati ya kusafiria ina jingine limegeuzwa mpangilio, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kama ya wakimbizi wengi. Andika barua fupi ya kueleza kwamba ni mtu mmoja, ambatisha hati zote mbili, na iache kwenye faili la mtoto.

Na kama karatasi ziliungua au zilibaki vitani, njia ni mtihani wa kupata krediti bila kukaa darasani. Kwa somo ambalo hajawahi kufundishwa anatakiwa kupata 80; kwa lile alilowahi kufundishwa, 70. Wilaya hupanga vipindi kadhaa vya mitihani hii kila mwaka, na kujiandikisha hufungwa wiki nyingi kabla. Wilaya haikutafuti. Wewe ndiye wa kuitafuta.

Kiswahili chenyewe ni krediti

Kundi la lugha linadai 2, na mtoto wa nyumba ya Kiswahili anawekwa Spanish I kwa sababu ndicho kipindi kilicho wazi. Kabla ya kukubali, uliza kama wilaya inatoa krediti za lugha kwa mtihani. Nyingi hutumia Avant STAMP, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Akifaulu kwa kiwango kinachotakiwa, nafasi mbili kwenye ratiba zinafunguka. Kwa yule kijana wa mfano wetu, hizo mbili ndizo zinazotofautisha ratiba ya kukimbizana na ratiba inayopumua.

Usidhani kuongea nyumbani kunatosha. Mtihani una kuandika, na watoto wengi waliofika hapa wakiwa wadogo hawajawahi kuandika aya moja ya Kiswahili maishani mwao. Waliotoka Lubumbashi au Kivu huandika wanavyosema, batu badala ya watu, au kwa tahajia ya Kifaransa. Wiki sita kabla, mpe kazi ya kila jioni: aandike sentensi 10 kuhusu siku yake, kisha uzisahihishe upatanisho wa ngeli. Asome habari za Kiswahili kwa sauti. Asiyekijua Kiswahili vizuri ila alisomea Kifaransa, afanye Kifaransa.

Akiendelea na lugha mpaka ngazi ya juu, na wastani wake wa masomo ya Kiingereza ukafika 80, kuna utambulisho wa lugha mbili unaoandikwa kwenye transkripti. Una masharti mengine kwa aliye kwenye programu ya kujifunza Kiingereza, kaunsela anayo orodha.

Hatua ya 4: Mitihani ya jimbo

Krediti zikitimia, bado kuna STAAR. Kwa miaka mingi mitihani ya haiskuli imekuwa mitano: Algebra I, Biology, English I, English II na U.S. History. Kiwango cha kufaulu ni kile kinachoitwa Approaches, wala si lazima kufika juu zaidi. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kubadili mfumo wa mitihani, kwa hiyo muulize kaunsela mitihani inayomhusu mtoto wako kulingana na mwaka aliosajiliwa darasa la 9, usitegemee ya kaka yake.

Kuanguka mtihani hakufuti krediti ya somo. Hivi ni vitu viwili tofauti, na vinachanganywa kila mwaka. Mtihani unaweza kurudiwa, kwa kawaida Desemba, majira ya kuchipua na Juni. Anayekaribia kuhitimu, aliyefaulu masomo yote lakini akakwama mitihani miwili au pungufu, anaweza kupelekwa kwenye kamati ya kuhitimu ya mwanafunzi mmoja mmoja. Kamati humpa kazi au mkusanyiko wa kazi zake katika somo lile, na lazima wanakamati wakubaliane wote. Mzazi ni mwanakamati. Aliyekwama mitatu haruhusiwi, kwa hiyo lengo la anayehangaika ni kupunguza idadi: afadhali kumaliza Biology na U.S. History kabisa kuliko kugawa nguvu kwenye yote mitano.

Hatua ya 5: Ziba mapengo kabla hayajawa mengi

Krediti iliyopotea hurudishwa kwa njia nne: kurudia somo mwaka unaofuata, shule ya kiangazi, kozi ya kompyuta ya kurudishia krediti ndani ya shule, au ule mtihani wa kupata krediti bila kukaa darasani, ambao kwa somo alilowahi kufundishwa unadai 70. Kozi ya kompyuta ni ya haraka, lakini imejaa maandishi ya Kiingereza kigumu. Mtoto aliyeanguka World Geography kwa sababu ya lugha ataanguka tena mbele ya skrini peke yake. Kwa huyo, shule ya kiangazi yenye mwalimu ni bora. Kompyuta inamfaa aliyeanguka kwa kutohudhuria au uvivu.

Wenye watoto wa soka wasikie hili mara mbili. Texas inamzuia mwanafunzi kucheza mechi kwa angalau wiki tatu akiwa chini ya 70 katika somo lolote la kawaida, ingawa mazoezi anaendelea nayo. Na anayeota kucheza chuo kikuu cha Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, ana hesabu nyingine kabisa: NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, inataka masomo 16 ya msingi, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho haujaanza. Kozi nyingi za kompyuta za kurudishia krediti na za Kiingereza kwa wageni hazikubaliwi huko. Kijana anaweza kuhitimu vizuri na asiruhusiwe kucheza.

Umri nao una mpaka. Aliye chini ya miaka 21 tarehe 1 Septemba ana haki ya kuandikishwa shule ya umma mwaka huo, na wilaya inaweza, ikitaka, kumpokea mpaka chini ya 26. Kwa hiyo akiwa na miaka 18 na krediti 9, halazimiki kuondoka akafanye GED, ambayo ni cheti tofauti na diploma. Ila aliyeandikishwa akiwa amepita miaka 19 anaweza kufutwa akikosa siku zaidi ya tano bila sababu katika semista moja. Vijana wanaofanya kazi usiku viwandani huondolewa hivi, na barua ya onyo huja nyumbani kwa Kiingereza.

Ukihama jimbo

Kila jimbo lina masharti yake, na hata kipimo cha krediti hutofautiana. Binamu wa New Jersey anayesema anahitaji 120, na wa California anayezungumzia 220 za wilaya yake, hawasomi zaidi ya wa Texas. Huko somo moja la mwaka huandikwa 5 au 10. Kuhama katikati ya mwaka ndiko kunakouma: semista isiyokamilika haina krediti. Ikiwa familia inafuata kazi Iowa au Ohio, subiri wiki ya mitihani ya semista ipite, Desemba au mwisho wa Mei, na uondoke na transkripti mkononi. Aliye darasa la 12 afanye kila njia amalizie alipo, hata kwa kubaki kwa ndugu miezi michache, kwa sababu jimbo jipya linaweza kumdai somo la historia yake au mtihani wake.

Mwaka wa mwisho

Septemba ya darasa la 12, rudia ile hesabu ya makundi pamoja na kaunsela, na umwombe aandike kwa barua pepe masomo yaliyobaki. Hakikisha mafunzo ya CPR (kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama) yameandikwa kuwa yamefanyika. Ni ya mara moja, na aliyefika kutoka nje darasa la 10 anaweza kuwa ameyakosa.

Pia kuna karatasi ya msaada wa fedha za chuo, ambayo ni sharti la kuhitimu: FAFSA kwa wenye sifa za msaada wa serikali kuu, TASFA kwa wakazi wa Texas wasio na sifa hizo, au fomu ya kujiondoa iliyosainiwa. Usisaini ya kujiondoa kwa sababu tu ni fupi kuliko nyingine.

Kisha kuna joho. Baadhi ya wilaya huwaruhusu waliomaliza masomo bila kufaulu mitihani watembee jukwaani na kupokea cheti cha kukamilisha masomo. Picha ni zilezile, keki ni ileile, lakini cheti hicho si diploma. Siku mbili kabla ya sherehe, muulize kaunsela kwa maneno haya: mtoto wangu anapata diploma au cheti cha kukamilisha? Ikiwa ni diploma, agiza pia nakala tatu za transkripti rasmi zikiwa zimefungwa kwenye bahasha, usizifungue, maana iliyofunguliwa chuo hakiipokei.